John Wesley, wachimbaji wa Kingswood na swali la nani ataokolewa

Si zamani tulizika kamarade wetu mmoja wa kazi. Ukuta wa karyeri ulimwangukia asubuhi na mapema, jua lingali chini. Jina lake hatutaandika hapa, wala jina la kompani, juu maneno haijaisha. Ku kilio mhubiri mmoja alisimama, akasema kama siku ya ndugu yetu iliandikwa mbele ya dunia kuumbwa, na kama mahali pake pa milele, mbinguni ao motoni, nayo iliandikwa siku ile ile. Mkubwa mmoja wa kazi, mwenye alikuja na bahasha ya pole, akatingisha kichwa kwa kukubali. Kile kichwa kilituuma kuliko mahubiri. Sababu kama yote iliandikwa, nani tena atauliza juu ya nyufa zenye tulionyesha wiki mbili mbele ya kifo?

Usiku ule, pembeni ya moto, delege wawili wa sendika yetu walishindana mpaka jogoo wakawika. Mmoja ni Mpresbiteri, wazazi wake walitoka Kasai. Mwengine ni Mmetodisti wa hapa Katanga. Mmoja alifungua Warumi 9 na Waefeso 1, penye mtume Paulo anasema juu ya kuchaguliwa. Mwengine akafungua 1 Timoteo 2, penye imeandikwa kama Mungu anataka watu wote waokolewe. Sisi wengine, Wakatoliki, Wapentekote na Wagarenganze, tulikaa paka kusikiliza.

Kumbe hayo mashindano haikuanza ku kilio yetu. Katika karne ya 18, wachimbaji wa makaa ya mawe kule Uingereza waligawanyika juu ya neno hili hili. Katikati yao alikuwa mtu mmoja mfupi wa mwili, mwenye kusafiri juu ya farasi bila kuchoka: John Wesley, baba wa Wametodisti. Tukaona ni vizuri kuandika maisha yake hapa, juu inatufunza kitu sisi batu ya kazi, tukiwa wa kanisa lolote.

Mtoto mwenye alitolewa motoni

John Wesley alizaliwa Juni 1703 huko Epworth, kijiji cha jimbo la Lincolnshire. Baba yake Samuel alikuwa padri wa kanisa la Anglikana, mtu wa vitabu vingi na madeni mengi. Mwaka 1705 alitiwa gerezani juu ya deni. Mama yake Susanna alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walikufa wangali wadogo. Yeye njo alikuwa mwalimu wao nyumbani, wavulana na wasichana sawasawa.

Usiku mmoja wa Februari 1709 nyumba ya padri iliwaka moto. Wote walikimbia inje, kumbe John, mtoto wa miaka mitano, alibaki chumba cha juu. Alionekana dirishani. Wakati wa kutafuta ngazi haukuwa. Mtu mmoja akapanda juu ya mabega ya mwenzake, akamvuta mtoto, na mara ile ile paa likaanguka ndani. Mama Susanna alishika moyoni kama Mungu aliacha huyu mtoto juu ya kazi fulani, na John mwenyewe aliamini vile mpaka uzee wake.

Muangalie vizuri hapo. Mtu wa imani atasema Mungu alimchagua. Ni kweli. Lakini ilipashwa pia jirani atoe mabega yake. Hayo mambo mawili, mkono wa Mungu na mabega ya mtu, njo Wesley aliyatafuta maisha yake yote.

Barua kwa mama

Mwaka 1720 Wesley aliingia chuo cha Oxford. Mwaka 1725 alipojitayarisha kuwa shemasi, alisoma zile sheria 39 za imani ya kanisa lake. Ya 17 inasema juu ya kuchaguliwa kwa wenye kuokolewa. Akashindwa kulala vizuri. Kama Mungu alikata mbele kabisa kama fulani ataangamia, yule mtu akosea nini? Akamwandikia mama yake.

Mama Susanna alijibu kama fundisho gumu la namna ile linamfanya Mungu kuwa chanzo cha zambi, na mtu anapashwa kulikataa. Kwake, Mungu aliona mbele ni nani wataamini, na wale njo aliwachagua. Kuona mbele hakulazimishi mtu. Sisi tunajua kama jua litatoka kesho, lakini kujua kwetu si kitu chenye kutoa jua. Yule mama hakuingia chuo hata siku moja. Na mtoto wake, mwalimu wa Oxford, alitembea na ile jibu zaidi ya miaka 60.

Ubishi wenyewe ni nini?

Mbele ya kuendelea, tueleze ubishi bila kumsingizia mtu, juu ku kilio yetu wengi walishindana na kitu chenye hawakijui.

Augustino, askofu wa Hippo, Mwafrika wa inchi yenye leo inaitwa Algeria, mwenye alikufa mwaka 430, alifundisha kama mtu ameharibika kwa zambi mpaka hawezi hata kumtaka Mungu kama Mungu hakumgusa kwanza. Alikuwa anamjibu Pelagius, mwenye alisema mtu ana nguvu ya kutosha ndani yake kufanya mema. Kanisa lilimkataa Pelagius. Nyuma ya miaka zaidi ya elfu moja, Jean Calvin, Mfaransa wa Geneva, alisukuma neno lile mpaka mwisho: Mungu, kwa mapenzi yake tu, alichagua wengine kwa uzima na wengine kwa hukumu. Mholanzi Jacobus Arminius, mwenye alikufa mwaka 1609, alipinga. Wafuasi wake walihukumiwa na mkutano wa Dordrecht wa 1618 na 1619. Wakatoliki, katika mtaguso wa Trento, walisema neema inatangulia, na mtu, akiisha kuguswa, anaweza kuipokea ao kuikataa.

Watu wanazani ubishi ni kati ya wenye kusema Mungu anaokoa na wenye kusema mtu anajiokoa. Haiko vile. Calvin na Arminius, Wesley na wapinzani wake, wote walisema kama wokovu ni zawadi, hakuna mtu anaununua kwa matendo. Swali ni hili: ile zawadi, mtu anaweza kuikataa? Na je, inatolewa kwa wote ao kwa wengine tu?

Mpresbiteri ana sababu yake, na si sababu ya kijinga. Anasema: kama mwisho wa mambo ni mimi nilichagua vizuri na jirani yangu akachagua vibaya, basi nina kitu cha kujisifu mbele ya Mungu. Tena, kama wokovu wangu unakaa ju ya moyo wangu wenye kugeuka-geuka kila siku, nitalala namna gani? Afazali ukae mkononi mwa Mungu. Mtu mwenye alitolewa kwenye ulevi anajua kama hakujitoa mwenyewe.

Mtu wa sheria mwenye moyo wa baridi

Oxford, Wesley na ndugu yake Charles walikuwa na kikundi cha wanafunzi wenye kufunga, kusali kwa saa na kutembelea wafungwa. Wenzao waliwacheka, wakawaita Wametodisti, ni kusema watu wa kufanya kila kitu kwa utaratibu. Jina la kuchekwa likabaki jina la kanisa. Toka pale alizoea kuishi na pauni 28 kwa mwaka. Mshahara ulipopanda kuliko mara mbili, yeye alibaki na zile 28, nyingine akagawa. Tunawajua wakubwa wa sendika wangapi wenye kufanya vile?

Mwaka 1735 alipanda mashua kwenda Georgia, koloni ya Waingereza kule Marekani. Njiani kulikuwa zoruba kali. Waingereza walilia kwa woga, na Wajerumani fulani wenye kuitwa Wamoravia, na wanawake na watoto wao, waliimba zaburi bila kutetemeka. Wesley aliona aibu. Yeye padri aliogopa kufa. Kule Georgia kazi yake ilivunjika, akagombana na waumini, akarudi mwanzoni mwa 1738 kama mtu mwenye kushindwa.

Tarehe 24 Mei 1738, jioni, aliingia mkutano mdogo barabara ya Aldersgate, London. Mtu alikuwa anasoma maneno ya Luther juu ya barua kwa Warumi. Wesley alisikia joto moyoni, akaamini kama Kristo alichukua zambi zake, zake yeye mwenyewe. Toka siku ile hakuhubiri tena kama mtu mwenye kubeba mzigo.

Mashimo ya Kingswood

Sasa tufike kwa watu wetu. Pembeni ya mji wa Bristol kulikuwa pori la Kingswood, penye wachimbaji wa makaa waliishi na jamaa zao. Matajiri wa Bristol waliwaogopa. Walisema ni washenzi, walevi, watu wa fujo. Kanisa halikuwafikia. Mashimo yalitoa makaa ya kuwasha moto wa mji mzima, na mji haukutaka kuona uso wa mwenye kuyachimba. Haya, sisi tunaijua ile hali. Shaba na kobalti yetu inafika ulaya, sisi tunabaki na mavumbi.

Wa kwanza kuwaendea hakuwa Wesley. Ni rafiki yake George Whitefield, mtoto wa hoteli moja ya Gloucester, mwenye alisoma Oxford kwa kuwatumikia wanafunzi wa matajiri. Februari 1739, Whitefield alisimama inje, ju ya kilima, akahubiri wachimbaji wakitoka kazini. Mbele walikuwa karibu 200, kiisha elfu na elfu. Yeye mwenyewe alisimulia kama alitambua wanalia wakati machozi yalichora mistari nyeupe katika nyuso nyeusi za makaa.

Whitefield alipashwa kurudi Marekani, akamwita Wesley amsaidie. Wesley, mtu wa nguo safi na utaratibu, alizani kuhubiri inje ya kanisa ni kama zambi. Lakini tarehe 2 Aprili 1739 alikubali kujishusha, akahubiri inje, pahali pa kufyatulia matofali, Bristol. Hakurudi nyuma tena. Huko Kingswood walianza kujenga shule ya watoto wa wachimbaji. Whitefield aliweka jiwe, Wesley akamaliza kazi.

Mwaka uliofuata bei ya ngano ilipanda, wachimbaji wakainuka. Charles Wesley aliwaendea njiani. Wengi walitembea kimya mpaka kwa meya wa Bristol, wakatoa malalamiko yao, wakarudi nyumbani bila damu. Mji mzima ulishangaa. Maandamano ya watu wenye njaa yalikuwa na kichwa.

Mahubiri yenye iliwagawanya

Whitefield aliamini kuchaguliwa kwa namna ya Calvin. Wesley aliamini jibu la mama yake. Walikuwa wanapendana, na Whitefield aliomba sana mwenzake asihubiri juu ya neno lile. Wesley alisita. Akapiga kura mbele ya Mungu, kura ikamwambia ahubiri na achapishe. Mwaka ule wa 1739 alihubiri Bristol juu ya neema ya bure, kiisha akaitoa kitabu kidogo.

Alisema nini? Kama wenye kuokolewa wanajulikana mbele na hawawezi kupotea, na wengine hawawezi kuokoka, basi kuhubiri ni bure. Mtu wa mashaka hatapata faraja. Mtu hatasumbuka tena kumpa mwenye njaa chakula, sababu yote imekwisha kukatwa. Na mabaya kuliko yote: Mungu mwenye kuita watu wote huku amefunga mlango kwa wengi atakuwa mkatili kuliko shetani. Yeye alifundisha kama mtu peke yake hawezi kumrudilia Mungu, hapo alikubaliana na Augustino. Lakini Mungu anatanguliza neema kwa kila mtu anayezaliwa, kipimo cha kutosha cha kuweza kuitika. Kuitika ni kwa mtu. Kukataa pia.

Whitefield alijibu kwa barua yenye aliandika Georgia, Desemba 1740. Alimlaumu Wesley kupiga kura juu ya neno kubwa namna ile. Akasema wao hawahubiri bure. Hakuna mtu anajua nani alichaguliwa, na mahubiri njo chombo chenye Mungu anatumia kuwaita. Mkulima hawezi kuacha kupanda kwa sababu mavuno iko mkononi mwa Mungu. Tuseme kweli, lile ni jibu la nguvu.

Kule Kingswood moto ukawaka. Mwalimu wa shule, John Cennick, alikuwa upande wa Whitefield. Mwaka 1741 Wesley alimtoa pamoja na wenzake. Alijitetea kama hakuwafukuza juu ya fundisho, ila juu ya kusema nyuma ya mgongo. Lakini karibu 50 waliondoka. Wachimbaji wenye walilia pamoja ju ya kilima kile, nyuma ya miaka miwili tu walikuwa na vikundi viwili. Sisi wa sendika tunaujua ule ugonjwa. Tumeona delege mwenye kutolewa kwa jina la utaratibu, kumbe ni juu alifikiri kinyume cha mkubwa.

Peni moja kwa juma

Jengo la Wametodisti la Bristol lilikuwa na deni. Februari 1742 walikutana kutafuta njia. Wakapatana: kila mtu atatoa peni moja kila juma, watu wawekwe kumi na wawili-kumi na wawili, na kila kikundi kiwe na mwenye kupita nyumba kwa nyumba kukusanya. Mtu mmoja alisema wanaweza kuwa maskini sana. Nahodha mmoja wa zamani akajibu kama wampe yeye kumi na mmoja wa maskini kuliko wote, na mwenye kukosa, yeye atamlipia.

Ilianza kama likelemba, ikageuka shule. Yule mwenye kukusanya peni aliona nani mgonjwa, nani amerudi kwenye pombe, nani anapigwa nyumbani. Wesley akatambua kama njo namna ya kuchunga roho za watu. Wafanyakazi wenye hawakusoma walijifunza kuongoza mkutano, kushika daftari ya feza, kusimama na kusema. Wanawake pia waliongoza vikundi.

Wesley mwenyewe hakuwa mtu wa kugoma, tusimpambe. Alimpenda mfalme, na mwaka 1775 aliandika kitabu kidogo kukemea Wamarekani wenye walitaka uhuru. Hapo hatumfuati. Lakini mbegu haikumuuliza mpandaji. Nyuma ya kifo chake, Thomas Hepburn, mhubiri wa Wametodisti wa tawi jingine, aliongoza sendika ya wachimbaji wa kaskazini ya Uingereza mwaka 1831. Mwaka 1834, watu sita wa mashamba wa kijiji cha Tolpuddle walihukumiwa na kupelekwa Australia kwa sababu ya kuanzisha sendika. Wengi wao walikuwa Wametodisti, na mkubwa wao George Loveless alikuwa mhubiri. Daftari na peni ya juma zilitoka kanisani zikaingia kwenye sendika.

Tena hapa kuna swali la hiari. Mtu mwenye kufundishwa kama anaweza kuitika Mungu, kiisha anaambiwa ajitolee hesabu ya juma lake mbele ya wenzake, huyo si rahisi tena kumwambia kama mshahara wake ni mapenzi ya mbingu.

Utumwa

Wesley aliona utumwa kule Marekani. Mwaka 1774 aliandika kitabu cha kuukataa kabisa. Alisema uhuru ni haki ya kila mtu mara tu anapovuta pumzi, na hakuna sheria ya watu inaweza kuuondoa. Februari 1791, siku chache mbele ya kufa, aliandika barua kwa William Wilberforce, mbunge mwenye alipigana na biashara ile, kumwambia asichoke. Alikuwa amesoma masimulizi ya Mwafrika mwenye alikuwa mtumwa, na kilichomuuma ni kama katika makoloni ushuhuda wa mtu mweusi juu ya mweupe haukuhesabiwa kitu.

Whitefield hapo alikosa. Aliomba utumwa uruhusiwe Georgia, na nyumba yake ya yatima ilikuwa na watumwa. Lakini msikimbie kusema ni fundisho la kuchaguliwa lilimfanya vile. John Newton, kapiteni wa zamani wa mashua za watumwa, aliamini kuchaguliwa sawa Whitefield, na mwaka 1788 alitoa ushuhuda wake kwa kitabu kupinga biashara ile. Fundisho moja, watu wawili, njia mbili. Mtu hawezi kujificha nyuma ya fundisho lake.

Pete ya marehemu

Wesley na Whitefield hawakupatana juu ya neno lile hata siku moja. Lakini nyuma ya miaka michache ya uchungu walianza tena kuandikiana, kutembeleana na kuhubiri kila mmoja katika nyumba ya mwenzake. Whitefield alikufa Newburyport, Marekani, tarehe 30 Septemba 1770. Katika wosia wake aliacha pete za matanga kwa John na Charles Wesley, alama kama mioyo yao ilikuwa moja ijapo walitofautiana. Alitaka pia kama akifia mbali, Wesley njo ahubiri juu yake. Wesley alifanya vile London, Novemba ile. Alimsifu mwenzake kwa mapendo na kazi, akasema juu ya kuzaliwa mara ya pili na imani, mambo yenye walifundisha wote wawili. Juu ya kuchaguliwa alinyamaza. Wafuasi wengine wa Whitefield walikasirika juu ya kile kimya.

Hakuwa malaika. Mwaka ule ule alitoa kwa ufupi kitabu cha kijana padri Augustus Toplady, mtetezi mkali wa kuchaguliwa. Mwishoni akaweka maneno makali yenye Toplady hakuandika, na alama za jina la Toplady chini yake. Ni kosa, hata leo mtu akikufanyia vile katika gazeti utamshitaki. Toplady alijibu kwa matusi, na miaka yote ya 1770 ilijaa vitabu vya kupigana. John Fletcher, Mswisi mwenye roho ya upole, njo alitetea upande wa Wesley kwa heshima. Na nyumbani Wesley hakufaulu. Alioa mjane mwaka 1751, wakaishi vibaya, wakaachana bila kupatana.

Leo wimbo wa Toplady juu ya mwamba wa kujifichia unaimbwa na Wametodisti ku vilio vyao, na nyimbo za Charles Wesley ziko katika vitabu vya Wapresbiteri. Mwenye kufiwa hamuulizi mtungaji alikuwa wa upande gani.

Kufa kwake na kufika kwake kwetu

Wanahesabu kama Wesley alisafiri karibu kilometa 400,000 na kuhubiri zaidi ya mara 40,000. Alikufa London tarehe 2 Machi 1791, akiwa na miaka 87. Karibu watu 70,000 walikuwa katika vikundi vyake Uingereza, bila kuhesabu Marekani. Aliagiza asizikwe kwa gari la fahari. Maskini sita wabebe sanduku lake, na kila mmoja apewe pauni moja. Hata maiti yake ilitoa kazi yenye kulipwa.

Ubishi wake ulifika kwetu kwa njia mbili. Mwaka 1891 Wapresbiteri wa Marekani, Samuel Lapsley mweupe na William Sheppard mweusi, walifungua misioni ya Luebo, Kasai. Karibu mwaka 1910 Wametodisti John na Helen Springer waliingia Katanga, wakati Union Minière, yenye iliundwa mwaka 1906, ilianza kutafuta mikono ya kazi. Kazi ya shaba ikavuta watu wa Kasai mpaka huku. Hivi mtoto wa Luebo na mtoto wa Mulungwishi wakakutana mu shimo moja, kila mmoja na katekisimu yake. Leo jumuiya zao mbili ziko ndani ya Kanisa la Kristo Kongo.

Turudi ku kilio. Asubuhi ile, mbele ya kwenda makaburini, delege wetu Mpresbiteri alisema kitu chenye kilinyamazisha wote. Alieleza kama imani ya Westminster, ya wazee wake wa karne ya 17, inasema Mungu alipanga yote, lakini inasema pia kama Mungu si mwenye kutenda zambi, na kama sababu za hapa chini haziondolewi, zinabaki sababu. Basi mwenye aliona nyufa akanyamaza, hesabu yake iko pale pale. Yeye pia alikataa mtu atumie mbingu kufunika ripoti. Mmetodisti alimpa mkono. Juu ya nani ataokolewa, waliachana vile walianza, na hatuoni kama ni vibaya.

Juu ya ukuta, waliandika barua moja. Mpresbiteri alishika kalamu, Mmetodisti alisoma kwa sauti mbele ya watu wa kazi, na wote tulitia sahihi: tarehe tulionyesha nyufa, jina la kapita mwenye alipokea neno, na ombi la wachunguzi kufika mbele ya mtu yeyote kushuka tena. Jibu tunangoja bado. Juma hili kila mwanamemba analeta mchango wake wa mjane, na mwenye kukosa, jirani yake atamlipia.